Kikombe cha Leonidas

"Swala, hapa Kiboko. Leonidas katoroka. Land Cruiser nyeupe, anashuka ziwani, Kapalamsenga."

"Nimemwona," alijibu Joséline redioni.

Pikipiki yake, Boxer nyekundu, ilinguruma.

Kwenye kambi ya mafuta walimjua kama mama wa jikoni: mjane wa Apollinarie, mtu wa Katumba, rozari shingoni, maneno machache. Nani angedhani chini ya aproni kuna bastola, Glock?

"Kiboko, mvuke ukoje?"

"Unapanda!" alijibu mwenzake aliyebaki mtamboni. "Kaufungulia wote, mtambo kaufunga kwa namba ya siri. Tunakipoteza kisima, dada!"

Mafuta ya kisima kile ni mazito kama uji uliolala. Tabaka lake jembamba, chini yake maji. Mvuke wa kiasi huyalainisha yakapanda. Ukizidi, tabaka linatoboka, maji yanaingia, kisima kimekufa. Wageni walimnunua Leonidas, bosi wa mvuke, akiue, wao walichukue eneo kwa bei ya kutupa.

Apollinarie aliligundua hilo. Leonidas akamfungulia mvuke usoni, akasema ni ajali.

Mwaka mzima Joséline alimpikia chai mtu huyo. Kila asubuhi alisali, kisha akamtilia sukari.

Ufukweni, Leonidas aliruka ndani ya boti aliyokodi kwa Method, mvuvi wa pale. Alifyatua bastola. Kioo cha Boxer kikapasuka. Joséline akajitupa nyuma ya mwamba.

"Mama wa jikoni!" Leonidas alicheka, akivuta kamba ya injini ya Yamaha. "Umeniletea chai?"

"Imepoa, bosi."

Boti ikachomoka.

Haikufika mbali. Injini ilikohoa.

Ikazima.

Leonidas alivuta kamba, akavuta tena. Wapi! Alfajiri ile Joséline alikuwa ameujaza mpira wa petroli mafuta ya kisima, yakiwa ya moto, Method akimshikia taa na kucheka. Yalipopoa yaliganda kama gundi. Injini ilikunywa petroli iliyobaki tumboni mwake, basi.

"Si wewe uliyetufundisha, bosi? Yakiwa moto yanatiririka, yakipoa yanaganda."

Leonidas alimimina risasi mpaka bastola ikalia tupu. Akatafuta makasia. Hayakuwepo.

Joséline alisimama, akalenga ubavu wa boti, chini kabisa.

Paa!

Maji yakaanza kuingia.

"Mama, siogelei! Nihurumie!"

"Namba."

Aliitamka kwa kelele, sauti ikipasuka. Joséline akaituma redioni, akasubiri.

"Swala... unashuka. Mvuke unashuka! Kisima kimepona!"

Hakushusha Glock.

"Apollinarie naye alikuomba umhurumie?"

Leonidas aliziba tundu kwa kiganja.

"Nimekuuliza!"

"Aliniomba! Aliniomba, mama!"

"Kiboko, umesikia?"

"Nimerekodi."

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Mungu ni shahidi wake, alitaka. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Mkono wa kushoto ulishika rozari mpaka shanga zikamuuma.

"Chini ya kiti chako," alisema taratibu, "nimekuwekea kikombe chako cha chai. Chota maji. Polisi wanatoka Karema."

"Watafika lini?"

"Sijui. Ukipumzika, unazama."

Aliirudisha Glock chini ya aproni, akafuta vumbi usoni, akaiwasha Boxer. Misa ya kumwombea Apollinarie ilikuwa jioni ile, na yeye hakuwa mtu wa kuchelewa kanisani.

Nyuma yake kikombe kilikuwa kikichota na kumwaga, kikichota na kumwaga.

Hakugeuka.