Pete za Boriti ya Thornwick

Shangazi yangu Rosamund alikuwa mbishi kuliko mtu yeyote katika jimbo la Shropshire. Halmashauri ilitaka kupitisha barabara palipo Thornwick, nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Ikithibitika ni ya kale, sheria itailinda. La sivyo, tingatinga litaibomoa, naye hakutaka kuishi kwingine.

Ndipo tukamwita Bwana Pask, mtaalamu wa kukadiria umri wa majengo. Alikunywa chai, akapanda darini na kekee, akatoboa boriti kuu ya mwaloni na kuchomoa kijiti chembamba. Mti huongeza pete moja ndani ya shina kila mwaka. Ukikatwa, pete zinakoma. Alikaa dirishani akizisoma. Akazisoma tena.

"Vipi, Bwana Pask?" shangazi akauliza. "Usiniue kwa presha."

"Mwaloni huu ulichongwa kwa mashoka miaka mia nne iliyopita, mama," akanong'ona. "Lakini haujaacha kukua."

Kijiti kilikuwa kibichi. Utomvu ulimchuruzika vidoleni. Pete nyingi zilikuwa nyembamba kama uzi, chache zilikuwa nene, na hizo nene akazitajia miaka.

"1987."

"Cuthbert wangu," shangazi akasema. Huyo ni mumewe. Mwaka huo alipanda ghorofani kulala, asubuhi hakuwepo.

"1994."

"Giles."

Mwanawe wa pekee. Polisi walimtafuta mpaka mtoni, hawakupata hata kiatu.

Nikamgeukia shangazi. "Shangazi, twende kwangu. Leo hii. Nakupigia magoti."

Hata hakunitazama. Alimshika Pask mkono.

"Kwa hiyo ni ya zamani?"

"Ya zamani sana, mama, lakini..."

"Basi andika. Haibomolewi."

"Shangazi, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Wamo humu." Machozi yalimtoka. "Unataka tingatinga liwapitie?"

Pask aliandika, akaondoka bila kuaga.

Nyumba ikaokoka. Nilimpigia shangazi simu kila jioni, nikimsihi ahame, naye akinicheka kwamba mimi ni mwoga tangu utotoni. Majani yalipoanza kupukutika, simu haikupokelewa.

Nilikwenda Thornwick, nikakuta mlango umefungwa kwa ndani. Nikavunja dirisha. Kitanda kilikuwa na joto. Miwani yake ilikuwa juu ya mto.

Nikapanda darini.

Tundu la kekee halikuwepo. Boriti ilikuwa imejifunga, laini, mbichi. Katikati yake ulichomoza unywele mmoja mweupe, mrefu, kama wa shangazi.

Nilimwita.

Nikaushika, nikauvuta taratibu.

Kwa ndani, nao ukavutwa.