Karatasi Aliyoibandika Marehemu

"Aliyebandika hii karatasi ya ukutani lazima alikuwa amelewa," bibi harusi mtarajiwa alisema, akinyoosha kidole kando ya mlango. "Hebu tazama, fundi. Ukuta mzima ndege wamesimama sawa, kipande hiki kimoja wako miguu juu."

Fundi rangi alitazama kwa adabu tu, maana ndege wale aliwajua. Aliyewabandika hakuwa amelewa. Alikuwa mke wa miezi mitatu, amepanda juu ya meza na gundi mikononi, na mumewe yuko chini anamhimiza kwamba wageni wako njiani. Kipande kikapinduka. Mume akawasimulia wageni kisa hicho mwaka mzima, wageni wakacheka, na mke mwenyewe akacheka nao, mjinga wa kupigiwa mfano.

Nyumba aliitambua tangu getini. Angeweza kugeuka akarudi, lakini alikuwa ameitwa kwa simu kama fundi, na kazi ni kazi. Tena alitaka kuona. Tangu aombe talaka na kuondoka miaka sita iliyopita, swali moja lilimkaa rohoni: alikosea? Ndugu na jamaa walimwambia ameacha bahati. Mkaguzi wa majengo mzima, hanywi, hapigi. Ni kweli hakuwa akipiga. Mwanamume yule alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kufunika kila kilichooza na kuketi mbele yake akitabasamu.

"Mchumba wangu anasema tupake rangi juu kwa juu tumalize," mwenyeji wake aliendelea. Alikuwa muuguzi, bado amevaa sare ya kazini. "Harusi ni Jumamosi. Wewe unaonaje, tupake au tubandue?"

Fundi alivuta pumzi. Akipaka, ataondoka na siri zake kifuani, na binti wa watu ataingia shimoni na shela lake. Akibandua, kilichofichwa chini kitaonekana na itabidi aseme, na akisema ataitwa mtalaka mwenye kijicho.

"Ukipaka juu, maji ya rangi yatalegeza gundi," alisema. "Kabla ya Jumamosi ukuta utakuwa na malengelenge. Halafu pale chini ya dirisha pana unyevu. Bomba linavuja ndani ya ukuta."

"Umejuaje, na hata hujagusa?"

"Karatasi hii ilibandikwa ili kulificha hilo bomba. Mkaguzi wa majengo aliona uvivu kumwita fundi bomba."

Muuguzi alikunja uso. "Hayo tuyaseme polepole, dada. Hata mimi sikupaswa kumtania kuwa alilewa. Aliyebandika ni marehemu mkewe. Ndiyo maana mimi sikutaka ikwanguliwe hovyo hovyo."

"Marehemu?"

"Miaka sita sasa. Figo. Mpaka leo akimtaja anafuta machozi."

Fundi aliketi juu ya ndoo ya rangi. Katika ndoa ile aliitwa mengi: mkaidi, mvivu, na mara moja mama mkwe alimwita gogo. Marehemu kilikuwa cheo kipya.

"Mdogo wangu," alisema, "hao ndege niliwapindua mimi."

Muuguzi alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

"Sitaki uniamini mimi," fundi alisema. "Mpigie. Muulize marehemu alikufaje. Weka sauti kubwa, wewe ndiye mwenye taaluma."

Simu iliita mara mbili.

"Mpenzi, fundi kashafika? Mwambie apake tu, asilete maneno. Mafundi hupenda kubandua ili wakae siku nyingi."

"Kashafika. Ila nina swali. Marehemu alikuwa na hali gani mwishoni?"

Ikatoka sauti ya msibani, imelainishwa kwa ustadi. "Kwa nini leo, mpenzi? Unanitonesha kidonda."

"Nataka kujua."

"Alikohoa sana. Alifia mikononi mwangu. Neno lake la mwisho alisema, oa tena mume wangu, usibaki peke yako."

"Figo ndizo zilimkohoza?"

"Zilipanda kifuani."

Muuguzi alifumba macho. Miaka tisa wodini, hajapata kuona figo zikipanda popote.

Fundi aliinamia simu. "Na mlinizika wapi, bwana? Sijawahi hata kwenda kupalilia kaburi langu."

Simu ikakatika. Baada ya dakika moja meseji zikaanza kuingia, na muuguzi akazisoma kwa sauti.

"Huyo ni nani hapo?"

"Usimsikilize mpenzi, huyo mwanamke ana matatizo ya akili."

"Nakuja."

Muuguzi alishusha simu. "Muda mfupi uliopita ulikuwa marehemu, sasa una matatizo ya akili tu. Unaendelea vizuri."

Walicheka wote wawili, na katikati ya kicheko muuguzi akaanza kulia.

"Nimekuombea," alisema. "Mwaka mzima, kila siku. Nilimwambia Mungu akulaze pema, na anisaidie nisikuonee wivu, maana mchumba wangu alikusifu mno."

Fundi aliumia kuliko alivyotegemea. Alipokuwa hai ndani ya nyumba hii hakusifiwa hata kwa chai.

"Dua zako zimefika," alimwambia taratibu. "Mimi mzima."

Muuguzi alijifuta kwa mkono wa sare. "Nipe hilo sponji. Nataka kuona huo ukuta."

Walilowesha, wakasubiri, wakakwangua kuanzia chini ya dirisha. Karatasi ilitoka kwa mapande mazito. Nyuma yake plasta ilikuwa imekuwa tope, na ukungu mweusi umepanda hadi usawa wa kifua. Harufu ilijaa chumba.

Mkaguzi wa majengo aliingia akihema, tai shingoni, viatu vinang'aa. Alimtazama mchumba wake. Alimtazama marehemu wake. Kisha macho yake yakaenda ukutani, yakabaki huko.

"Sasa huu ukuta," alisema, "nani atanimalizia?"

Muuguzi alivua pete, akaiweka dirishani juu ya mabaki ya gundi.

"Mpenzi, tuzungumze. Watu wameshaalikwa. Jumamosi tutawaambia nini?"

"Wewe utajua la kuwaambia. Mimi Jumamosi nitaingia zamu."

Fundi alikusanya skrepa za kukwangulia na brashi zake. Kwa miaka yote sita alidhani akikutana tena na mtu huyu atatetemeka, au atamtukana, au moyo utamrudi. Hakuna lililotokea. Alimwona mwanamume akigusagusa plasta kwa ncha ya kidole, akihofia kuchafua mkono wa shati, na akamdharau kwa utulivu, kama mtu anayepumzika. Hakukosea kuondoka. Alikosea kuchelewa tu.

"Twende, mdogo wangu," alisema, akamfungulia muuguzi mlango.