Uso wa Mwizi wa Ng'ombe

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda vizuri, Genoveva alikuwa ameshamaliza kazi tatu. Alikuwa ameshawafungulia ndama, ameshateka maji bombani, na ameshamkorogea mdogo wake uji. Ndipo alipovaa sare, akatia daftari la hesabu mfukoni na kushika njia ya shule. Kwenye njia panda alimkuta Mectilda akimngoja, maana ndivyo walivyofanya tangu darasa la tatu. Genoveva alitoka kwa wakulima wa mahindi na mbaazi, upande wa juu wa kijiji cha Dirma. Mectilda alitoka kwa wafugaji wa Kidatoga, upande wa bondeni, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

"Umechora?" Mectilda aliuliza asubuhi moja ya mwezi wa saba.

"Nimemaliza wanne. Mwenyekiti, mganga, mama muuza maziwa, na mwizi. Ila huyo mwizi sijampenda."

Uchoraji huo ulikuwa wa klabu ya kompyuta. Mwalimu Mwita, aliyehamishiwa pale kutoka Mara, alikuwa ameanzisha klabu ya kompyuta katika shule isiyo na kompyuta hata moja. Alichokuwa nacho ni kishikwambi chake cha kazi, basi. Wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wakitengeneza gemu. Ndani ya gemu, kijiji kimeibiwa ng'ombe, na anayecheza anapita kwa watu mmoja mmoja akiwahoji mpaka amkamate mwizi. Kila mtu wa gemu alihitaji picha ya uso. Picha hiyo ilichorwa kwenye daftari la hesabu, vijumba vya mraba kumi na sita kwenda upande na kumi na sita kwenda chini, kila kijumba kikijazwa rangi moja tu. Kisha mwalimu aliihamishia kwenye kishikwambi, kijumba kwa kijumba.

Kazi itakayopendeza ingepelekwa Katesh kwenye maonyesho ya wanafunzi, pamoja na aliyeichora. Genoveva hakuwahi kutaka jambo kama alivyotaka safari ile.

Siku hiyo picha zake zilibandikwa ukutani, na darasa likaambiwa liseme.

"Mwalimu, mimi nina swali," Hilary alisema, huku wenzake wameshaanza kucheka kabla hajauliza. "Huyu mwenyekiti na huyu mwizi ni mapacha? Mbona mama yao hatujamwona?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Mwita naye akatabasamu.

"Hilary anatania, lakini hajakosea. Genoveva, vijumba ni vichache. Jicho ni kijumba kimoja, pua ni viwili. Huwezi kuweka kila kitu. Tafuta alama moja ambayo mtu akiiona tu anajua huyu ni nani."

Jioni Genoveva alikaa na daftari lake karibu na jiko. Nje baba yake alikuwa akiongea na jirani yao, mzee Ignasi, ambaye maksai wake wawili hawakuonekana tangu juzi.

"Mimi sihitaji mpelelezi," mzee Ignasi alisema. "Wezi ni hao hao wa bondeni. Wale wenye maduara machoni."

Genoveva akainua kichwa. Alikuwa amewaona wazee wa Kidatoga, wanaume kwa wanawake, wenye alama ndogo ndogo za kale zilizozunguka macho. Akachukua penseli nyeusi. Akajaza vijumba vinane kuzunguka jicho la kulia, vinane kuzunguka la kushoto. Uso uliokuwa umepooza ukamkazia macho. Hakuna ambaye angemchanganya tena na mwenyekiti. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: MWIZI.

Kesho yake mwalimu aliitwa kwenye kikao cha kata. Aliacha maagizo kwamba kila mwanafunzi aitazame picha mpya, aandike maoni kwenye kikaratasi na kukitia ndani ya kopo. Mchoraji atayasoma yote, kisha amweleze mwalimu aliyoambiwa.

Saa ya mapumziko Genoveva alijificha nyuma ya darasa, akavifungua vikaratasi kimoja kimoja. "Safi sana." "Huyu anatisha kweli." "Sasa nimemjua bila kuambiwa." Kila kimoja kilimnyanyua zaidi. Cha mwisho kabisa kilikuwa kimekunjwa mara nne. Hakikuwa na jina, lakini mwandiko ule wa kulalia kushoto aliujua kama alivyoujua wake mwenyewe. Kiliandikwa hivi: "Huyu ni bibi yangu. Hajaiba kitu cha mtu."

Genoveva alikisoma mara mbili. Alifikiri kumtafuta Mectilda. Halafu akafikiri Katesh. Akainuka, akaenda chooni, akakitumbukiza kikaratasi kile shimoni.

Mwalimu aliporudi aliitazama picha kwa muda. "Huyu sasa anajulikana. Lakini alama hizi za machoni... mimi si mwenyeji huku. Wenzako wamesemaje?"

"Wote wamesema ni nzuri, mwalimu."

"Wote?"

"Wote, mwalimu."

"Haya. Tutaipeleka."

Basi, picha ikabaki ukutani, na ubaya ukaanzia hapo. Siku ya kwanza ulikuwa mzaha tu. Siku ya pili Hilary alijichora maduara ya chaki machoni, akanyata kwa vidole hadi kwenye dawati la Mectilda, akalia kama ng'ombe.

"Mooo! Dada, turudishie maksai wa mzee Ignasi! Umewafunga wapi?"

"Niache, Hilary," Mectilda alisema.

"Amewaficha kwenye begi!" mwingine akadakia. "Mpekueni!"

Wakamnyang'anya begi, wakamwaga madaftari yake sakafuni. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Genoveva hakumwaga madaftari, wala hakusema neno. Alipoona wote wanacheka, na yeye akacheka kidogo, kicheko cha kujificha. Mectilda alikuwa amepiga magoti akiokota vitu vyake. Aliinua uso, akamtazama Genoveva mara moja tu, akaendelea kuokota.

Asubuhi iliyofuata njia panda ilikuwa tupu. Genoveva alingoja mpaka akachelewa. Ikapita siku, ikapita wiki. Mwalimu alipokuwa akiita majina, jina la Mectilda liliitwa na kukosa mwitikio, mpaka msichana mmoja wa upande wa bondeni akasimama.

"Mwalimu, huyo ameshaacha. Baba yake, mzee Gidamis, anahama na mifugo kwenda upande wa Singida. Amesema shule inayombandika mama yake ukutani na kumwita mwizi haimfai mtoto wake."

Mwalimu Mwita aliweka kalamu chini. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebaki wiki sita. Mectilda alikuwa wa kwanza katika hesabu, na kwao hakuna aliyewahi kufika darasa la saba isipokuwa yeye. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kwamba akivuka na ng'ombe kwenda Singida, hatashika tena kalamu. Ataolewa.

Genoveva hakula mchana huo. Picha zilikuwa zipelekwe Katesh Ijumaa, yaani kesho. Alizunguka ofisi ya walimu mara tatu. Mara ya nne akabisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unatetemeka? Unaumwa?"

"Nilikudanganya, mwalimu." Akamweleza yote, maneno ya mzee Ignasi, kikaratasi, choo, na hata kicheko chake. Alingoja fimbo. Mwalimu hakuinuka kwenye kiti.

"Nilikuuliza, Genoveva."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nikakuuliza mara mbili." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini na mimi nina kosa. Nilikuuliza wewe uliyechora, nikaridhika. Niliona hizo alama na moyo wangu ukasita, ila sikumuuliza hata mtu mmoja mwenye nazo. Kesho hatuendi Katesh. Tunakwenda bondeni."

Ijumaa walipanda bodaboda, mwalimu nyuma kabisa na Genoveva katikati, mpaka njia ikaisha, wakamalizia kwa miguu. Walimkuta mzee Gidamis akifunga mizigo ili punda waibebe. Vyungu na vibuyu vilikuwa vimeshatolewa nje ya nyumba.

"Shikamoo, baba," Genoveva alisema.

Mzee Gidamis hakumjibu. Alimtazama mwalimu. "Umekuja kutafuta ng'ombe, mwalimu? Pekua. Anzia zizini."

"Nimekuja kuomba radhi, mzee. Na mtoto huyu ana neno la kusema mbele ya mama yako."

Bibi alikuwa ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe pembeni mwa nyumba, mwembamba, shuka likiwa mabegani. Alama zilizozunguka macho yake zilikuwa zimefifia kwa uzee, lakini zilionekana. Hakujua Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo Mectilda aliitwa aje kutafsiri. Alikuja, akasimama nyuma ya bibi yake, macho yake yakitazama vilima.

Mwalimu akampa bibi kishikwambi chenye ile picha, na neno MWIZI chini yake. Bibi alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza mbali, akakivuta karibu. Kisha akauliza jambo.

"Anauliza nani alikuambia kwamba hivi ni vitu vya wezi," Mectilda alisema, bila kumtazama Genoveva.

"Nilimsikia mtu mzima akisema, bibi. Na nilitaka watu wamtambue mwizi upesi."

Mectilda akatafsiri. Bibi akatoa kicheko kikavu.

"Anasema hata mwanawe walimtambua upesi."

Mzee Gidamis aliacha kamba aliyokuwa akiifunga, akageukia upande wa pili. Bibi aliendelea kusema polepole, na Mectilda akafuata nyuma ya maneno yake.

"Anasema baba yangu mkubwa alikwenda mnadani kuuza mbuzi, mbali na hapa. Siku hiyo kuna watu walikuwa wamepoteza ng'ombe. Hakuna aliyemuuliza jina, wala anatoka wapi. Walitazama macho yake na shuka lake, wakasema ndiye huyu. Walimpiga kwa mawe na marungu. Ng'ombe walionekana siku ya tatu. Walikuwa wamepotelea porini tu. Baba yangu mkubwa alikuwa ameshazikwa."

Genoveva alianza kulia. Bibi akamwonyesha kidole.

"Anasema usilie sasa, hajamaliza kutazama kazi yako."

Bibi aligusa kioo kwa ukucha. "Anasema maduara yake yalichorwa akiwa msichana kama sisi. Yaliuma sana na hakulia, na siku hiyo nyumba nzima ilijivunia. Anasema ni urembo wake." Bibi akauliza tena, mara hii akimkazia Genoveva macho. "Anataka kujua, mwizi ana uso gani?"

"Sijui, bibi."

"Anasema, kama hujui, kwa nini ulimchora?"

Genoveva alipiga magoti vumbini. "Nisamehe, bibi. Mectilda aliniambia kweli nikaitupa. Nitaifuta picha hapa hapa, uone."

Alinyoosha mkono kuchukua kishikwambi, lakini bibi hakukiachia. Alisema maneno machache.

"Anasema usifute uso," Mectilda alitafsiri. Kwa mara ya kwanza akamtazama. "Uso hauna kosa. Futa hilo neno la chini."

Genoveva akafuta, herufi moja baada ya nyingine, mpaka chini ya picha pakabaki peupe.

Mzee Gidamis alikuwa ameona yote. Alizungumza na mama yake kwa Kidatoga, akajibiwa kwa ukali. Hatimaye akamgeukia mwalimu.

"Sisi tutahama. Mtoto atabaki na bibi yake mpaka afanye mtihani. Nafanya hivi kwa ajili ya mama yangu, wala msidhani ni kwa ajili yenu. Akiitwa mwizi tena, hata mara moja, nitakuja kumchukua mwenyewe."

"Nimekusikia, mzee," mwalimu alisema.

Jumatatu Mectilda aliingia darasani, akaketi dawati la mbele, mbali na Genoveva. Hilary alisimamishwa mbele, akaomba radhi kwa sauti ndogo, na safari hii hakuna aliyecheka. Kisha Genoveva alisimama akasema mbele ya wote alichofanya na kile kikaratasi. Maonyesho ya Katesh yalikuwa yameshapita bila wao.

"Sikilizeni," Mwalimu Mwita alisema. "Mwenzenu alisifiwa na darasa zima, na mtu mmoja akamwambia kilichomuuma. Akamficha huyo mmoja. Kumbe ukweli wote ulikuwa kwa huyo. Ukiomba maoni, yapokee yote, na uanze na ya mtu ambaye kazi yako inamgusa. Ukimdanganya anayekuuliza, hujui uongo wako utamwangukia nani. Na jambo la pili, nalisema leo na sitalirudia: mtu haitwi mwizi kwa uso wake, wala kwa kabila lake, wala kwa nguo yake. Yuko mtu kaburini kwa kosa hilo. Katika gemu letu mwizi hatakuwa na picha. Anayecheza atauliza maswali mpaka ajue."

Saa ya mapumziko Genoveva alibaki darasani, akiichora picha ya bibi upya, safari hii kama shahidi wa kwanza wa kuhojiwa. Alisikia hatua zikisimama karibu yake. Hakuthubutu kuinua kichwa.

"Pua umeikosea," Mectilda alisema.

"Iweje?"

"Yake ni ndefu. Ongeza kijumba kimoja."

Genoveva akaongeza kijumba kimoja. Mectilda aliitazama, akatikisa kichwa kukubali, akatoka nje. Siku hiyo hawakuambiana neno jingine.