Betri Iko kwa Nani?

Mama Betri alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuwa mama wa mtu yeyote. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita ili wamcheke. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alikwenda kwenye kona ya sebule ilipokuwa chaja, akachomoa betri ya msumeno, akaifuta vumbi kwa kitambaa kikavu na kuiweka juu ya kabati. Ndipo alipokumbuka kwamba kuna shule.

Mama yake alikuwa fundi wa kukata miti. Zamani alitumia msumeno wa petroli, ambao ukinguruma majirani walifunga madirisha. Sasa alikuwa na msumeno wa mnyororo unaotumia betri, na huo, kitufe cha kuwashia kikiachwa tu, hunyamaza kabisa. Kwa sababu ya ukimya huo, mama aliweka sheria moja: hakuna mtu kugusa mnyororo mpaka betri imetolewa na kuwekwa kwenye mkoba wa binti yake. Msumeno wenyewe binti haruhusiwi kuugusa. Kazi yake ni kuitunza betri.

"Betri iko kwa nani?" mama huuliza.

"Iko kwangu," binti hujibu. Jibu hilo likikosekana, hata nati moja hailegezwi.

Ijumaa moja upepo mkali uliangusha mjohoro mkubwa wa shuleni, ukalalia baraza la darasa la sita na kuziba mlango. Jumatatu ilikuwa siku ya mtihani. Mwalimu mkuu akamwita mama, naye Jumamosi akaja pamoja na mdogo wake, mjomba Chapuchapu. Huyo alikula chapuchapu, alitembea chapuchapu, na akisimulia kisa alianzia mwisho. Alikuwa mchapakazi na mcheshi, na mpwa wake alimpenda sana.

Mama alifunga kamba kulizunguka eneo la kazi, akawaonya wanafunzi waliokuja kubeba matawi wasiivuke. Mama Betri naye alisimama nyuma ya kamba, mkoba begani.

"Leo umebeba chakula cha msumeno?" mvulana mmoja alimtania. Wengine wakacheka.

Mama alikata matawi makubwa kwanza, kofia ngumu kichwani na miwani ya kukinga macho. Kisha mwalimu mkuu akamwomba aende nyuma ya darasa kutazama ukuta uliopata ufa. Mjomba akashika msumeno kumalizia matawi madogo. Haukupita muda, mnyororo ukalegea, ukaanza kuning'inia. Mjomba akauweka msumeno juu ya gogo, akavua glavu ya mkono wa kulia, akanyoosha vidole kuukaza.

Mama Betri alipapasa mkoba wake. Ulikuwa mtupu.

"Mjomba, betri iko kwa nani?"

"Iko mahali pake," mjomba akajibu bila kugeuka. "Huu umelala. Husikii ulivyo kimya?"

"Sheria inasema ikae kwangu."

Watoto wakacheka tena. Mwalimu wa zamu, aliyekuwa akiwasimamia, akakunja uso. "Mtoto mwenye adabu hamwamrishi mjomba wake," alisema. "Mwache mkubwa afanye kazi."

Msichana aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alitamani kunyamaza, na angenyamaza kama vidole vile visingekuwa vya mjomba wake.

"Mjomba, nakuheshimu," alisema. "Lakini mkoba ni mtupu. Nitauliza mpaka mama asikie huko aliko. Betri iko kwa nani?"

"Ama kweli wewe ni mtoto wa dada yangu," mjomba akaguna. Akaondoa mkono kwenye mnyororo, akaitupa glavu juu ya gogo, na kwa hasira akausukuma msumeno pembeni ili aje azungumze naye.

Hapo ndipo kijiti kikavu kilipoingia kwenye kitufe cha kuwashia. Kuna kitufe kingine cha usalama kinachozuia jambo kama hilo, lakini mara mama alipoondoka mjomba alikuwa amekifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kwa sababu kubonyeza vitufe viwili kila mara kulimchelewesha. Mnyororo ukazunguka ghafla. Uliinyakua glavu, ukairarua, kijiti kikavunjika, ukanyamaza tena.

Hakuna aliyecheka. Mama alifika akikimbia, akaiokota glavu. Ilikuwa imebaki na vidole vitatu.

Mjomba alichomoa betri. Akaung'oa ule mpira, akautia mfukoni. Kisha akatembea, taratibu kabisa, mpaka kwenye kamba, akampa mpwa wake betri kwa mikono miwili.

"Iko kwako, mama," alisema.

"Iko kwangu, mjomba."

Mwalimu wa zamu alikohoa kidogo. "Na mimi nimejifunza," alisema mbele ya wanafunzi wote. "Samahani, mwanangu." Mvulana aliyetania akaomba aonyeshwe betri, akaambiwa aitazame kwa macho tu.

Mnyororo ulikazwa, kazi ikaendelea, na kabla ya jioni mlango wa darasa la sita ulikuwa wazi.

Wakati wa chakula cha usiku mjomba alikula polepole, akivitazama vidole vyake kila tonge.

"Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Leo mkuu nusura akatike vidole kwa kutosikia la mdogo. Mama Betri, nisamehe."

Lilikuwa jina lile lile, lakini safari hii msichana alilipokea kwa kichwa kilichoinuka.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," mama alisema. "Chombo chochote chenye betri ndani usikihesabu kuwa kimelala. Na wewe, mwanangu, heshima si kumnyamazia mkubwa anapokosea. Heshima ni kumwambia kwa adabu, ili kesho akupe mkono wenye vidole vyote. Leo najivunia kukuzaa."

Msichana aliinuka, akaenda kwenye kona ya sebule, akaiweka betri kwenye chaja.