Vidole vya Paskalina

Wewe, umewahi kukunja vidole ndani ya kiatu?

Usijibu. Sikiliza kwanza ya Paskalina.

Paskalina anakaa Mbulu, juu huko, penye baridi. Anakaa na babu, na shangazi Emiliana, na mdogo wake Bura.

Kila asubuhi shangazi hukimbia. Mvua inyeshe, ukungu ushuke, yeye hukimbia. Paskalina humfuata mpaka darajani. Hapo hurudi nyumbani.

Shangazi huendelea mpaka kwenye mnara wa simu, juu kabisa mlimani. Paskalina hajawahi kufika.

"Shangazi, mnarani nitafika lini?"

"Ukipata raba za maana. Hizo zako zimekwisha. Soli imekuwa chapati."

Paskalina akageuza raba, akatazama. Chapati kweli.

Basi siku ya mnada wakaenda kuchagua, na Bura naye. Raba zilikuwa zimelundikwa juu ya turubai, nyingi kama viazi.

"Chagua, dada, chagua!" muuzaji akaita. "Mali mpya leo!"

Hazikuwa mpya. Zilishavaliwa na watu. Lakini tuendelee.

Shangazi akaokota raba za kijivu. Soli nene. Sura mbaya. Akaibonyeza soli kwa dole gumba.

*Bonyeza, nyeee. Achia, pu!*

"Hizi laini," akasema. "Hizi ndizo za kukimbilia kila siku. Mguu unatua, soli inaupokea."

Paskalina hakusikia. Alikuwa ameziona raba za dhahabu. Zilikuwa zinang'aa. Hata kamba zilikuwa zinang'aa!

Shangazi akaibonyeza soli ya hizo za dhahabu.

*Bonyeza, ko. Achia, ko.*

"Ngumu kama ubao," akasema. "Tena ndogo."

"Si ndogo, shangazi!"

"Haya, vaa tuone."

Paskalina akavaa. Vidole vikagonga mbele. Akavikunja. Vikajikunja vyote, kama viwavi kwenye jani.

"Vidole vinacheza?" akauliza shangazi.

"Vinacheza!"

Havikucheza.

Shangazi akamtazama. "Sawa. Miguu ni yako."

Raba za kijivu akazichukua pia, za Bura. "Atazikulia," akasema. Bura akazivaa. Akatembea kama bata. *Pwata, pwata, pwata!*

"Umevaa mikate!" Paskalina akamcheka.

"Nataka za dhahabu!" Bura akalia.

"Hupati ng'o."

Njiani shangazi akasema, "Jumamosi tunapanda mnarani, Paskalina. Wewe na mimi. Miguu ikiwa mizima."

Asubuhi ya kwanza Paskalina akakimbia na raba za dhahabu. *Ko! Ko! Ko!* Barabara ilikuwa ngumu. Soli ilikuwa ngumu. Na vidole? Vilikuwa vimekunjwa humo ndani, gizani.

Alirudi kutoka darajani akichechemea.

Kesho yake hakufika darajani.

Kesho kutwa hakufika hata getini.

"Unaumwa nini?" akauliza shangazi.

"Sijui," akasema Paskalina.

Alijua.

Babu akautazama mguu. "Baridi hiyo. Avae soksi mbili." Paskalina akavaa soksi mbili. Lo! Mambo yakazidi kuwa mabaya.

Akaja jirani, Mama Fausta. "Mifupa inakua hiyo. Anywe maziwa." Paskalina akanywa maziwa. Yalikuwa matamu. Mguu ukauma vilevile.

Akapita Mwalimu Gadiye. Akavua miwani. Akavaa miwani. "Hii ni misuli," akasema. "Misuli ya ndani."

Ndani wapi? Hakusema.

Kila mtu alijua. Hakuna aliyeviuliza vidole.

Ijumaa jioni shangazi akamwambia, "Mguu huo haupandi mlima, mama. Kesho utabaki na babu."

Paskalina akaenda kulala.

Chumbani, Bura alikuwa ameshalala. Koroo, koroo. Lakini kwenye ncha ya blanketi kulikuwa na kitu kinang'aa.

Paskalina akafunua. Bura alikuwa amelala na raba za dhahabu miguuni! Zilikuwa zimemtosha kabisa.

Na raba za kijivu? Zilikuwa chini ya kitanda, zimeachwa.

Paskalina akaivaa moja. Akangoja vidole vigonge mbele. Havikugonga. Kidole kimoja kikanyooka. Na kingine. Na kingine. Vyote vikaanza kucheza.

Akavaa ya pili. Akasimama. *Nyeee.* Akaruka. *Pu!* Akaruka tena. *Pu! Pu! Pu!*

"Nani anaruka huko?" Shangazi akachungulia mlangoni. "Paskalina! Na mguu?"

"Umepona, shangazi."

"Umepona! Kwa soksi za babu?"

"Hapana."

"Kwa maziwa ya Mama Fausta?"

"Hapana."

"Kwa ile misuli ya ndani ya mwalimu?"

Paskalina akacheka kidogo. Akaacha.

Shangazi akakaa kitandani. Akainama, akaibonyeza raba ya kijivu kwa dole gumba, hapo mbele.

"Vidole vinacheza?"

"Vinacheza." Na kweli vilicheza. Shangazi alivisikia vikimtekenya dole gumba.

"Basi kesho tungeweza kupanda mnarani," akasema shangazi. "Ila mguu unaouma bila sababu siupandishi mlima. Unaweza kuuma tena huko juu. Nikiijua sababu, tunakwenda."

Paskalina akamtazama Bura. Bura alikuwa anakoroma. Akazitazama raba za dhahabu. Zilikuwa zinang'aa tu, hazikumsaidia.

Akapanda kitandani, akavuta blanketi mpaka puani.

"Shangazi."

"Naam."

"Pale mnadani."

"Ehe?"

"Nilikunja vidole."