Aliyeitwa Mlangoni

Ilianza na harufu: yai bichi na udongo uliolowa, juu ya mto wa Chue Neng, mchana, theluji ya Saint Paul ikianguka nje ya pazia. Mama yake alikuwa amefua foronya jana tu.

Chue alifanya kazi usiku katika kiwanda cha kuchinja bata mzinga, akalala mchana. Kila alipofumba macho, kitu kizito kilimkalia kifuani na kumziba pumzi. Wahmong wote, kabila lake lililohamia Marekani kutoka milima ya Asia, wanalijua jini hilo. Ndilo lililomchukua mdogo wake, Yeng, mwaka uliopita, usingizini, kijana asiye na ugonjwa wowote. Sasa lilikuwa limemgeukia yeye.

Binamu yake Pa Kou, muuguzi, alimfundisha njia.

"Kaka, kila uwapo macho hesabu vidole vyako, ujiulize kama unaota. Ukizoea, utavihesabu hata ndotoni, na huko havitimii. Hapo utajua ni ndoto."

"Kiwandani wataniona kichaa."

"Kichaa anaamka, kaka. Yeng hakuamka."

"Na nikishajua?"

"Usikimbie. Litazame usoni, uliulize lilikotoka. Hofu ikitazamwa hunywea."

Chue akahesabu na kuomba, hata alasiri moja harufu ile ikaja, kitanda kikabonyea miguuni, kisha magotini, kisha uzito wote ukatua juu ya mbavu zake, na alipotaka kulitaja jina la Mwokozi ulimi ukawa jiwe, lakini macho yakaangukia mkono wake juu ya blanketi, nao ulikuwa na vidole saba, akajua, na kwa kujua huko pumzi ikamrudia, akamkamata mgeni wake kama yule mtu wa Maandiko aliyeshindana na malaika hadi alfajiri asimwachie, akauliza, "Nani alikufungulia?"

"Mama," likajibu, kwa sauti ya Yeng. "Aliniita."

"Wewe si Yeng. Yeng amelala kwa Bwana. Toka."

Likafifia kama moshi, likatoka.

Alimkuta Mama jikoni.

"Mama, ulimwita nani mlangoni?"

Mama aliendelea kuosha mchele. "Ulipougua homa baridi ilipoanza, kabla jini halijakujia, niliiita roho yako irudi, kama walivyofanya wazee wetu. Yai, wali, mlango wazi. Mchungaji asijue. Nikataja jina lako." Mikono ikasimama ndani ya maji. "Nikaongeza na la mdogo wako."

"Wafu hawaitwi, Mama. Aliyeitika si yeye."

"Najua. Lakini ungekuwa wewe kaburini, ungetaka nisikuite?"

Ilikuwa dhambi, nayo ilikuwa mapenzi. Mungu peke yake ndiye awezaye kuvitenganisha. Wakapiga magoti pamoja juu ya sakafu ya jikoni, Mama akatubu kwa machozi, na juma lile Chue alilala kama mtoto aliyeshiba ziwa.

Jumamosi mchana baridi ikamwamsha. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, theluji ikiingia hadi kwenye zulia. Mama alisimama kizingitini, yai mkononi.

"Yeng, mwanangu," alinong'ona, "rudi nyumbani ule."

"Mama, funga mlango."

"Mara hii tu. Nimuage."

Kutoka nje, katika weupe usio na mtu, sauti ikaitika, "Nakuja, Mama."

Chue akatazama mikono yake. Vidole vilikuwa kumi. Alikuwa macho.

Basi akaenda mlangoni, kama alivyojifunza usingizini, kulitazama usoni.