Kizibo cha Chozi

Mnururishi, roboti wa kutibu macho, alishusha mkono wake mwembamba mpaka ukasimama juu kidogo ya jicho la kulia la Atuganile, na mkono huo haukutetemeka hata chembe. Kope zake zilikuwa zimezuiwa na vishikizo laini vya mpira. Aliambiwa atazame taa ya kijani, akaitazama. Kisha taa ikafifia, dunia ikawa ya kijivu, na pua yake ikanasa harufu kama ya nywele zilizoungua. Ilikuwa harufu ya jicho lake mwenyewe.

"Usihofu," alisema mnururishi, kwa sauti tulivu kama ya msoma taarifa wa redioni. "Ninachonga."

Alikuwa anachonga kweli. Mashine hiyo ilisoma kwanza mabonde na vilima vya konea, ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni, kisha ikaisawazisha kwa miale ya leza mpaka mwanga uangukie pale unapotakiwa. Katika Mbeya ya miaka ile hakuna aliyeishangaa tena. Mtu aliingia kliniki na miwani yake, akatoka bila miwani kabla chai aliyoiacha mezani haijapoa.

Jambo jipya lilikuwa lile lililofuata. Kwenye kila jicho, pembeni, mnururishi alipachika kidude kidogo kuliko punje ya ufuta. Waliokitengeneza walikiita kizibo cha chozi. Konea iliyotoka kuchongwa ni laini kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na machozi mengi yakipita juu yake huweza kuikunja. Kwa hiyo kizibo kilifunga tezi ya machozi, kikawa kinatoa chenyewe umande wa kulainisha jicho, kwa kipimo, usiku na mchana. Kilisikiliza amri ya mwenye jicho peke yake, kwa kuwa sheria ilikataza mtu kuwekewa mwilini kifaa asichoweza kukiamuru.

Dokta Kibwana Mchopa, daktari aliyewasimamia wanururishi wa kliniki ile, alimweleza Atuganile kwamba kizibo kingekaa mpaka jicho likomae. Atuganile alimuuliza kama kina madhara. Daktari alicheka. Alisema hajawahi kukutana na mtu aliyekuja kulalamika kwamba hawezi kulia. Atuganile naye akacheka.

Hakuwa mtu wa kujipamba. Miwani alikuwa ameivaa tangu darasa la pili, na asingeivua kwa ajili ya kioo. Alikuwa mhandisi wa minara ya upepo juu ya Mlima Rungwe, mahali ambapo ukungu hukaa kama mwenye nyumba na mvua huingia bila hodi. Roboti za kupanda, ambazo mafundi waliziita mijusi, zilitambaa kwenye minara zikitafuta nyufa, lakini kamera zao nazo zilipata ukungu, na sheria ilitaka binadamu apande akaone kwa macho yake kabla ya mnara kuwashwa. Atuganile alipanda. Masika yaliyopita, akiwa juu kabisa, vioo vyake vilifunikwa na ukungu, akaweka mguu mahali ambapo hapakuwa na ngazi. Mkanda ulimdaka. Alining'inia pale akiyumba na upepo, haoni juu wala chini, na alipoteremshwa alikuwa ameshaamua.

Baba yake hakupenda. Mzee Anyosisye Mwakibinga alikuwa mkulima wa chai kule Kyimbila, karibu na Tukuyu, mjane, mwenye miwani mizito aliyoifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Atuganile alikuwa na jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo mzee alimwita mama.

"Mama," alimwambia kwa simu, "miwani ikivunjika unanunua nyingine. Jicho je?"

"Baba, mlima haunisubiri nifute vioo."

Mzee akasema, "Haya. Ukishaona vizuri uje uniangalie, uniambie kama kweli nimezeeka au ni majirani wananizushia."

Siku za mwanzo macho yalimwasha kana kwamba ameinamia moto wa kuni mbichi. Alikaa chumbani kwake Mbeya, pazia zimefungwa, amevaa kinga nyeusi za macho ambazo zilipima uponaji na kupeleka taarifa kliniki. Hakuruhusiwa kujisugua, kuinama, wala kukaa penye vumbi. Taa zilikuwa na pete za rangi. Kisha asubuhi moja alivua kinga kwa muda aliopewa, akafungua dirisha, akauona Mlima Loleza ukiwa na miti. Siku zote alijua una miti, ila hakuwahi kuiona mmoja mmoja.

Alimpigia baba yake akamsimulia. Mzee aliuliza mengi, hata kama kunguru wa Mbeya wanaonekana wachafu zaidi sasa. Atuganile alitaka kwenda Kyimbila siku ileile, lakini daktari alikuwa amekataza safari. Mzee alimwambia asivunje masharti ya watu. Yeye hana haraka, alisema, hakuna anakokwenda.

Wiki hiyohiyo alianguka mlangoni mwa banda la kuku, mahindi ya kuku yangali mkononi. Jirani alipofika, moyo ulikuwa umeshasimama.

Atuganile alipanda treni ya sumaku bila kumwomba ruhusa mtu yeyote. Njia nzima kifua kilimpanda na kushuka. Umande uliendelea kutoka kwa kipimo, na mashavu yake yalibaki makavu.

Kwa Wanyakyusa, msiba hausubiriwi kimya. Wanawake hujifunga vitenge kiunoni, hulia kwa sauti, na katika kulia kwao humtaja marehemu: aliyenipa mbegu, aliyenijengea jiko, aliyenicheka nilipoteleza. Chozi la mtoto wa marehemu hutazamwa na kila mtu, na mtoto asiye nalo huulizwa moyoni anaficha nini. Mambo mengi yalikuwa yamebadilika Kyimbila. Chai ilichumwa na mashine na barua zilishuka kutoka angani. Hilo halikubadilika.

Atuganile aliingia uani, akaenda moja kwa moja kwenye jeneza. Alivua kinga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwona baba yake bila kioo katikati: kovu dogo chini ya kidevu ambalo hakuwahi kulijua, nywele mbili nyeupe kwenye nyusi, alama ya uzi wa miwani juu ya sikio. Aliona kila kitu. Mzee alikuwa amezeeka kweli, na hapakuwa na wa kumwambia. Sauti ilimtoka, lakini ilitoka kavu, kama kikohozi.

Wanawake waliokuwa karibu walitazamana. Halafu maneno yakaanza, ya chini chini, kwamba mjini huko watu wanauza hata machozi. Mwingine alisema mbona macho yake yameng'aa kama ya harusini.

Shangazi Tupokigwe, dada wa marehemu, alimshika mkono akampeleka nyuma ya jiko. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti iliyozoea kuamrisha vibarua.

"We mtoto. Watu wanatazama."

Atuganile alimweleza habari za kizibo. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulimlipa mtu akufunge?"

Binamu yake Sekela, aliyependa kutatua mambo haraka, alikuja na kitunguu ndani ya upindo wa kitenge. Alinong'ona kwamba hata kama hakitatoa chozi, macho yatakuwa mekundu, na kwa mbali nani atajua? Kama hapendi kitunguu, ajifunike khanga usoni atikise mabega. Wapo wengine pale uani waliokuwa wanafanya hivyohivyo tangu asubuhi.

"Sitamwigizia baba yangu," Atuganile alisema.

Alirudi uani uso wazi. Alikaa kwenye mkeka, mbele kabisa, mahali pa mtoto, na yeyote aliyetaka kutazama macho yake makavu aliyatazama. Walimzika mzee mchana ule akiwa hivyohivyo. Watu walimpita wakimpa pole kwa ncha za vidole.

Siku iliyofuata, jua likiwa limetoka, alimpigia Dokta Mchopa akiwa kando ya kaburi. Alimwambia anataka kufungua kizibo. Daktari alimpa pole kwa upole, kisha akafungua taarifa zilizotumwa na kinga. Konea ilikuwa bado haijashika. Machozi ya kawaida pengine yasingeidhuru, alisema, lakini machozi ya msiba si ya kawaida. Yanakuja na kujisugua, na joto, na kuinama. Inaweza kukunjika, na ikikunjika hatafaulu tena kipimo cha macho cha wapanda minara. Alimsihi asubiri.

"Nikisubiri, daktari, machozi haya yatakuwa wapi?"

Daktari alirudia tu kwamba ni macho, na kwamba macho ni mawili tu.

Atuganile alikata simu. Alikaa kwenye udongo mwekundu uliokuwa haujakauka. Aliufikiria mnara, na ngazi, na namna alivyoihangaikia kazi ile tangu akiwa msichana pekee katika karakana ya chuo. Hakujidanganya kwamba kitu kimoja kati ya hivyo kilikuwa kidogo. Alijua tu kwamba baba yake asingekufa tena baadaye, katika siku iliyoruhusiwa.

"Fungua," alikiambia kizibo.

Sauti nyembamba kutoka kwenye kinga alizozishika mkononi ilimwonya, ikamtaka arudie amri. Akarudia.

Mwanzoni hakikutoka kitu. Kisha kulikuwa na joto pembeni mwa jicho la kushoto, na tone moja, zito, likaingia mdomoni likiwa na chumvi. Baada ya hapo hakuweza kuhesabu wala kuzuia. Alilia kwa sauti, kama walivyolia wanawake jana yake, akamtaja: aliyenifungia miwani kwa uzi wake, aliyenipeleka shule mgongoni mvua ilipobomoa daraja, aliyesema hana anakokwenda. Aliinama mpaka paji la uso likagusa udongo. Macho yalimwaka, na ndani ya maumivu yale aliona kaburi likipinda, likigawanyika, likirudi.

Shangazi Tupokigwe alisikia, akaja mbio kati ya migomba, akamkuta. Alipiga magoti akamshika mabega.

"Basi, mwanangu. Basi. Nimeona. Nitawaambia wote nimeona. Nyamaza, utaharibu macho."

"Niache, shangazi. Silii ili mnione."

Shangazi alibaki amemshika. Kisha akakaa chini kando yake na kulia naye.

Mwezi uliofuata, Atuganile alikuwa tena kwenye kiti cha kliniki. Mnururishi alipitisha mwanga wake, akatangaza kwamba konea ya kulia iko sawa, na ya kushoto ina kunyanzi moja kutoka chini hadi katikati. Kwa jicho hilo kila mstari ulikuwa na kivuli chake. Asingeruhusiwa kupanda minara. Angepewa kazi chini, ya kuongoza mijusi.

Dokta Mchopa alisema inarekebishika. Wangechonga upya, wangeweka kizibo kipya, na safari hii angemwomba akiache kimefungwa.

"Mpaka lini?"

Daktari alitazama mikono yake. Alisema kwamba, kusema kweli, jicho hukomaa kwa majuma machache tu. Baada ya hapo kizibo hakina kazi. Zamani walikuwa wakiwaita wagonjwa kuvifungua, lakini waliofunguliwa walirudi na malalamiko: hawalali, wana huzuni, wanagombana kazini. Wasiofunguliwa hawakurudi. Taarifa zao zilikuwa nzuri. Kwa hiyo kliniki iliacha kuwaita, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeambiwa.

Atuganile aligeuka akatazama kupitia mlango wa kioo. Chumba cha kusubiri kilijaa watu wenye kinga nyeusi, wametulia, nyuso zao laini. Alifikiria barabara yote aliyopita kutoka stesheni, na ofisi, na misiba ya mji ule ambayo siku hizi iliisha kabla ya mchana.

"Na wewe unacho?" aliuliza.

"Sote hapa tunavyo. Mama yangu alifariki mwaka juzi. Nilirudi kazini kesho yake. Walinisifu."

"Pole, daktari."

"Asante," alisema, na akagusa chini ya jicho lake kwa kidole, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni mwa koti la zamani.

Atuganile alisimama. Alisema hatachongwa tena. Na akitoka hapo atapita katika chumba kile cha kusubiri, atamwambia kila aliyeketi kwamba kizibo chake kinasikia neno moja, na atawafundisha neno lenyewe. Wakitaka wamwite askari. Daktari hakumzuia. Aliomba tu jambo moja, kwa sababu mnururishi hawezi kufunga faili bila kuambiwa chanzo cha madhara.

"Niandike nini? Uzembe wa mgonjwa? Vumbi?"

"Andika kwamba alimlilia baba yake."

"Mashine haina chanzo hicho."

"Basi kiongeze," alisema Atuganile, akafungua mlango.